Bibi Jean Ayres na Mtoto Asiyetulia

Wasomaji wengi wakisikia jina la Eldoret hukumbuka baridi, mahindi na wanariadha. Mimi ni mwana wa pwani niliyeletwa huku na kazi, na kazi yenyewe ni ya namna ambayo jamaa zangu wa Mombasa kila Idi hunitaka niwaeleze upya. Natibu watoto ambao bado hawajaingia darasa la kwanza, na dawa yangu ni michezo. Fani hii huitwa tiba ya kazi, lakini wazazi wa hapa huiita mazoezi tu, wakikusudia chumba kile chenye magodoro na mipira mikubwa. Sina ugomvi na jina hilo. Isipokuwa ningependa msomaji ajue kwamba kazi inayosemwa hapa si ajira. Ni kila jambo analopaswa mtu kulifanya kutwa nzima ili aishi na wenziwe: kuvaa, kula, kutawadha, kushika kalamu, kuketi na watu. Na kazi ya mtoto wa miaka minne, iliyo kubwa kuliko zote, ni kucheza.

Kila fani ina wakubwa wake. Katika hii ya watoto wadogo, jina lisiloweza kurukwa ni la mwanamke wa Kimarekani, Bibi Jean Ayres, aliyefariki mwaka 1988. Mahali popote duniani panapotibiwa watoto kwa njia hii jina lake linajulikana, na vitabu vyake husomwa mpaka leo. Yeye ndiye aliyebadilisha namna anavyotazamwa mtoto ambaye mwalimu wake amekwisha kumwita mtundu, mzembe, au mzito wa akili. Nadhani ni haki wazazi nao wamjue.

Jina lake kamili ni Anna Jean Ayres. Alizaliwa tarehe 18 Julai 1920 katika mji wa Visalia, jimbo la California, akakulia shambani, kati ya miti ya jozi. Jambo moja la utoto wake lafaa kuwekwa mbele ya yote: yeye mwenyewe alikuwa na taabu zinazofanana na zile alizokuja kuzichunguza kwa watoto wa wengine. Kwa hivyo habari za mtoto ambaye akili yake ni nzima lakini mambo mepesi humshinda hakuzipata vitabuni peke yake.

Fani aliyoichagua ilikuwa changa. Chama cha kwanza cha kuieneza kiliundwa Marekani mwezi wa Machi 1917, na hapo ndipo vita vikuu viwili vilipoikuza, kwani askari walirudi kwa maelfu wakiwa wamekatika viungo au wamevurugika akili, na ikaonekana kwamba kulazwa kitandani hakumrudishii mtu maisha yake. Wakafundishwa kufuma, kuchonga, kushona, ili mkono ujifunze tena kutii. Ayres alipata shahada yake ya kwanza katika fani hiyo mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles. Vita vilikuwa vinamalizika, na kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa roho ya tiba.

Hapo mwanzo alihudumia watu wazima. Baadaye akaja kwa watoto, hasa wale waliopata dhara ya ubongo kabla au wakati wa kuzaliwa wakawa na viungo vilivyokakamaa. Kutoka kwa hao akageukia kundi jingine ambalo watu wa siku zile hawakulijali sana. Hawa walikuwa watoto wanaotembea na kusema, usoni huoni kasoro yoyote, lakini shuleni hawaendi mbele. Kalamu humponyoka. Akikimbia hujikwaa pasipo kitu. Akikaa kitini dakika mbili huteleza kama samaki. Huyu akiguswa begani na mwenziwe hupigana, na yule hagutuki hata akiitwa mara tatu. Madaktari walimpima mtoto kama huyo wakamwambia mama yake kwamba hana ugonjwa, na mwalimu akaelewa kwamba basi ni ukaidi.

Ayres hakuridhika na jibu hilo. Alirudi darasani akachukua shahada ya pili mwaka 1954, kisha udaktari wa falsafa katika saikolojia ya elimu mwaka 1961. Alikuwa na umri wa miaka 41. Hata hapo hakutua. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1966 alikwenda kusoma katika taasisi ya uchunguzi wa ubongo ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akakaa na wataalamu wa mishipa ya fahamu. Kwa mtu wa fani iliyojulikana kwa kusuka vikapu, huo ulikuwa ujasiri si mdogo.

Aliyoyaleta kutoka huko nitayaeleza kwa urefu kidogo, maana ndiyo kiini cha habari yake.

Sote tumefundishwa kwamba binadamu ana hisi tano. Ayres hakuzikana, lakini alisema ziko hisi nyingine ambazo hatuzitaji kwa kuwa hazituambii habari za nje. Hutuambia habari za mwili wetu wenyewe. Moja iko ndani ya sikio. Humo mna mifereji mitatu midogo yenye maji, na kila tukigeuza kichwa maji yale hucheza na kuuarifu ubongo ni upande gani tumeinamia na kwa kasi gani. Ya pili imo katika misuli na maungo. Ndiyo inayomwezesha mtu kufunga vifungo vya kanzu gizani, au kupeleka tonge kinywani bila kuutazama mkono. Hizi mbili akaziunganisha na hisi ya ngozi, akasema hizo tatu ndizo msingi. Mtoto huanza nazo tumboni mwa mama. Kuona na kusikia, kusoma na kuandika, ni ghorofa zinazojengwa juu yake.

Kazi ya ubongo ni kuzipanga habari zote hizi, kama afisa wa trafiki katika njia panda. Zikipangika, mtoto hafikirii habari ya kuketi. Huketi tu, na fikira yake huwa huru kumsikiliza mwalimu. Zisipopangika, kuketi kwenyewe huwa kazi ngumu. Basi mtoto yule anayeteleza kitini si lazima awe anamdharau mwalimu. Huenda anatumia nguvu zake zote ili asianguke.

Aliyewahi kusoma chuoni atamkumbuka mwanafunzi aliyekuwa kila siku akichapwa kwa kuegemea ukuta au kumlalia mwenziwe. Mimi nawakumbuka wawili. Hapa Kenya fimbo shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 ikazidi kuikataza adhabu ya kikatili. Hata hivyo wazazi hunijia na watoto wa miaka minne au mitano ambao chekechea imewarudisha nyumbani kwa kuwa hawatulii, na mama wa watoto hao nao wamekwisha kuambiwa na majirani kwamba hawakujua kulea. Mama wa namna hiyo akielezwa habari ya maji ya ndani ya sikio, mara nyingi hunyamaza kitambo. Kisha huanza kuuliza maswali, na maswali yake huwa mazuri kuliko yangu.

Mwaka 1964 Ayres aliandika juu ya watoto wasiovumilia kuguswa. Kwa mtoto wa aina hii, mshono wa shati huuma kama mchanga uliomwingia mtu machoni, kuchanwa nywele ni vita, na maji ya uso humtoa mbio. Pwani tunawajua, ni wale wanaolia siku ya Idi wakivishwa nguo mpya, na mashangazi wakasema wamedekezwa. Ayres aliona kwamba ngozi yao huupokea mguso mwepesi kama hatari, ilhali mguso mzito na wa taratibu huwatuliza. Mkumbatie kwa nguvu, utamwona anashusha pumzi. Ukimpapasa tu kwa vidole, atakusukuma.

Mwaka 1972 ulitoka mtungo wake mkubwa wa kitaalamu, Sensory Integration and Learning Disorders, pamoja na vipimo alivyovibuni vya kuwapima watoto. Kitabu cha pili, Sensory Integration and the Child, kilitoka mwaka 1979, nacho alikiandika kwa ajili ya wazazi. Naupenda huu wa pili zaidi. Mtaalamu anayeweza kushuka kutoka lugha ya maabara akazungumza na mama aliyechoka, huyo ameielewa elimu yake.

Kipimo chake kimoja huwachekesha wageni. Mtoto huketishwa juu ya ubao unaozunguka, akazungushwa mara 10 kwa sekunde 20, kisha ubao husimamishwa ghafula. Mpimaji hutazama macho. Kwa kawaida macho huendelea kuchezacheza kwa sekunde kadhaa, kwani yale maji ya sikioni hayajatua. Wako watoto ambao macho yao hutulia upesi mno, nao ndio wale wanaoweza kuzunguka kutwa wasipate kisunzi. Ayres alisoma katika macho hayo kwamba habari za mzunguko hazifiki ubongoni vilivyo. (Tafadhali, msomaji, usiende kumzungusha mwanao nyumbani ukahesabu. Kisunzi cha mtoto kinaweza kumwandama saa nyingi baada ya mchezo kwisha.)

Katika miaka ya 1970 alifungua kliniki yake mwenyewe huko Torrance, karibu na Los Angeles. Aliyeingia humo akitarajia dawa na sindano angedhani amepotea njia. Kutoka darini kulining'inia bembea za kila namna: za wavu, za gogo la kukumbatiwa, za ubao wa kulalia kifudifudi. Palikuwa na vibao vyenye magurudumu ambavyo mtoto hulalia tumbo akateremka mtelemko kwa kasi. Lakini haukuwa uwanja wa sikukuu. Ayres alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: mtoto asifanyiwe, afanye mwenyewe. Mtibu huupanga mchezo uwe mgumu kidogo kuliko anavyoweza mtoto, usiwe mgumu kiasi cha kumkatisha tamaa, kisha humwacha mtoto autamani. Akijikaza akafaulu, ndipo ubongo hujipanga. Mtoto anayesukumwa tu katika bembea, kama mzigo, hapati faida ile.

Nikiwa na watoto wa Eldoret sharti hilo ndilo linalonishinda kulitimiza kuliko yote, maana mzazi aliyelipa nauli kutoka mashambani hutaka anione mimi nikitoka jasho. Anaponiona nimeketi sakafuni namngoja mtoto achague mwenyewe, hudhani nimepumzika. Vifaa si taabu. Fundi wa jua kali alinitengenezea vibao vya magurudumu, na bembea ya wavu niliitoa nyumbani pwani: ni jarifa kuukuu la mvuvi, lililofumwa kushika papa, sasa linashika watoto.

Hapo msomaji wa pwani atasema kwamba bembea hatukufundishwa na Wamarekani. Ni kweli. Nani aliyekulia Mombasa asizijue bembea za Idi pale Makadara? Na tangu karne ya 11 Abu Ali ibn Sina, katika kitabu chake cha Qanun, alikwisha kueleza kwamba kumtikisa mtoto mchanga taratibu na kumwimbia kuna manufaa kwa mwili wake na nafsi yake. Bibi zetu walilijua hilo bila kusoma Qanun. Mchezo wa mdako, ambao watoto wa pwani hurusha kijiwe wakachota vingine kabla hakijaanguka, hufunza jicho na mkono kuliko vifaa vingi vya duka. Alichokiongeza Ayres ni kutafuta sababu. Alitaka kujua kwa nini bembea humtuliza huyu na kumtia wazimu yule, tena akataka kulipima jambo hilo kwa hesabu.

Hesabu hizo ndizo zilizomletea upinzani. Alikusanya alama za mamia ya watoto, akazichambua kwa njia za takwimu ili aone ni taabu zipi huandamana, na kwa miaka mingi aliendelea kuirekebisha nadharia yake kila matokeo yalipomtaka. Wenzake wa fani walikwisha kumheshimu mapema. Mwaka 1963 walimpa hotuba ya heshima ya Eleanor Clarke Slagle, ambayo hupewa mtu mmoja kwa mwaka. Lakini wako madaktari na wanasaikolojia waliomwambia kwamba amevuka mpaka wake, na kwamba watoto aliowachunguza ni wachache mno kwa madai makubwa namna ile.

Mjadala huo haukufa pamoja naye. Mwaka 1999 uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba tafiti za zamani zilipata faida kubwa kuliko zilizofuata, na kwamba tiba hii haikuzishinda nyingine. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwataka madaktari wawaambie wazazi wazi kwamba ushahidi bado ni haba. Mwaka 2014 jaribio la watoto 32 wenye tawahudi lilionyesha maendeleo katika malengo waliyowekewa na wazazi wao. Mwaka 2022 jingine kubwa zaidi, la watoto 138 huko Uingereza, halikuona tofauti ya maana na huduma ya kawaida. Nayataja haya kwa kuwa wako watu wanaowauzia wazazi fulana zenye vizito na taa za rangi kwa bei ya ng'ombe, wakilitaja jina la Ayres kana kwamba ndiye aliyeziidhinisha. Mimi huwaambia wazazi kwamba tutaweka lengo dogo linaloonekana, kama vile mtoto kula chakula chote akiwa ameketi, na baada ya wiki kumi tutatazama. Likiwa halikufikiwa tunabadilisha njia. Naamini yeye, aliyepima kila kitu, asingenikasirikia.

Hata hivyo lile la kwanza alilolisema, kwamba tabia ya mtoto inaweza kutoka mwilini mwake na si katika ubaya wa moyo, sijaona utafiti uliolipindua.

Kati ya watu aliowasaidia alikuwamo mpwa wake Philip, aliyekuwa na taabu hizo hizo na kuzijua jina lake akiwa amekwisha kuwa mtu mzima. Waliandikiana barua, naye akamfafanulia mwili wake kwa upole wa shangazi na uangalifu wa mtaalamu. Barua hizo zilichapishwa kuwa kitabu mwaka 2004. Tusisahau kwamba mtoto wa leo asiyeeleweka kesho huwa mtu mzima asiyeeleweka, tena asiye na wa kumwandikia.

Miaka yake ya mwisho aliitumia katika kazi moja, kuvitengeneza upya vipimo vyake vyote viwe mkusanyiko mmoja wa majaribio 17, kwa watoto wa miaka minne hadi karibu tisa. Watoto kama 2,000 wa Marekani na Kanada walipimwa ili ijulikane mtoto wa kawaida hupata alama ngapi katika kila umri. Maradhi ya saratani yalikuwa yamemshika. Aliendelea kufanya kazi, na tarehe 16 Desemba 1988 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 68. Vipimo vilitolewa mwaka uliofuata, 1989, na yeye hakukiona kitabu chake kikiwa dukani.

Vipimo hivyo vina shida moja kwetu, nayo si ndogo. Watoto wale 2,000 hawakuwamo wa Uasin Gishu wala wa Lamu. Mtoto wa Kikalenjin aliyekulia akichunga ndama mtelemkoni ana mizani ya mwili ambayo mtoto wa mjini Los Angeles hana, lakini huenda hajawahi kushika kalamu kabla ya kufika mezani kwangu. Ukimhukumu kwa jedwali la Kanada utamwonea mara mbili: utamsifu pasipo sababu, na utamwita mgonjwa pasipo ugonjwa. Waliofuata nyayo za Ayres wameliona hilo, wakaunda kipimo kipya kiitwacho EASI, na wakakusanya alama za watoto kutoka nchi nyingi za dunia ili jedwali lisiwe la taifa moja.

Mimi, kwa upande wangu, nina daftari. Kila mtoto mzima anayekuja kliniki kumsindikiza nduguye mgonjwa, mama yake akiridhia, namwomba asimame kwa mguu mmoja, afumbe macho na kuigusa pua, afunge vifungo vitatu, arushe kijiwe cha mdako na kukidaka. Naandika umri wake, lugha ya nyumbani kwao, na sekunde alizosimama.